Sarafu Ngapi Chupani?

Mchezo huu unaujua. Mezani kuna chupa imejaa sarafu, kando yake daftari, na kalamu imefungwa uzi ili isitembee. Unalipa mbao, unaandika jina, namba ya simu na makisio yako. Jioni chupa inamwagwa, sarafu zinahesabiwa mbele ya watu, na aliyekaribia zaidi anaenda nazo nyumbani. Nimeuona kwenye harambee za kanisa, kwenye siku za wazazi shuleni, na mara moja kwenye duka la kuuza simu ambapo nina hakika mwenye duka ndiye aliyeshinda.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma mchezo huu ulikotoka, na nimejikuta nikisoma habari za wakoloni, za kura na za mzee mmoja Mwingereza ambaye hangetaka mimi niwepo. Nitafika huko. Kwanza tumalize hesabu yenyewe, maana kuna msomaji aliyekuja kwa ajili ya hiyo tu, na ni haki yake.

Chukua chupa ya soda ya plastiki, ile ya nusu lita. Swali la kwanza hata si ngapi zinaingia, ni zipi zinaingia. Mdomo wa chupa hiyo kwa ndani una upana wa milimita 22 hivi. Kobole, yaani shilingi tano, ina upana wa milimita 19.5, kwa hivyo inapita. Ashuu ni 23, inagoma. Shilingi moja, yenye thamani ndogo kuliko zote, ni 23.9, inagoma zaidi. Mbao ni 26, usijisumbue. Kwa hivyo ukiona chupa ya soda ambayo haijakatwa na imejaa sarafu zetu za sasa, hiyo ni chupa ya makobole, na umeshajua jambo moja kabla ya kuhesabu chochote. (Senti za wakati wa mkoloni, zile zilizokuwa na tundu katikati, ungezitunga tu kwenye uzi. Chupa ya nini?)

Sasa ukubwa. Panga makobole kumi, moja juu ya nyingine, utapata mnara wa chini kidogo ya sentimita mbili. Piga hesabu ya eneo la duara mara kimo, ugawanye kwa kumi: kila sarafu inachukua kama mililita 0.55. Nusu lita ukiigawanya kwa hiyo unapata karibu 900. Lakini sarafu haziingii chupani kama askari kwenye gwaride. Zinalala upande, zinaegemeana, zinaacha mapengo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha katika jarida la Science kwamba mipira ikimwagwa ovyo chomboni hujaza kama asilimia 64 ya nafasi, na peremende za M&M's, ambazo ni kama mipira iliyokaliwa, hufika 68. Sarafu zina kingo, na chupa ni nyembamba, kwa hivyo tarajia chini ya hapo. Ukisema kati ya nusu na theluthi mbili, unapata kati ya 450 na 600. Mimi ningeandika 500 kwenye daftari na kuondoka.

Kuna njia ya mkato ukiruhusiwa kuishika chupa. Kobole ina uzito wa gramu 3.75. Pakiti ya unga ya kilo mbili, ambayo mkono wa kila Mkenya unaijua gizani, ni sawa na makobole 533. Inua chupa, fikiria unga. Ikiwa nyepesi kidogo kuliko pakiti, punguza.

Hesabu hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1613, Johannes Kepler, yule mnajimu aliyegundua kwamba sayari hazizunguki kwa duara kamili, aliyekuwa akiishi mjini Linz, Austria, alikuwa anaoa kwa mara ya pili. Alinunua mapipa ya mvinyo kwa ajili ya nyumba yake. Muuzaji akaja na kijiti, akakichomeka kupitia tundu la juu ya pipa kwa mshazari hadi pembe ya chini, akasoma alama kwenye kijiti, akataja bei. Hakujali kama pipa ni fupi nene au refu jembamba. Kepler akakasirika kimya kimya, kama wanavyokasirika watu wa hesabu, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa. Cha kuchekesha ni kwamba aligundua kijiti kilikuwa na akili: mapipa ya Austria yalikuwa na umbo ambalo makosa madogo ya utengenezaji hayabadilishi sana ujazo. Muuzaji hakuwa mwizi. Lakini mnunuzi angejuaje? Kijiti kilikuwa mkononi mwa muuzaji, alama alizisoma muuzaji, na bei ilitoka mdomoni mwa muuzaji.

Shika hiyo picha ya mwenye kijiti. Itarudi kwa sura nyingine.

Hizo ndizo hesabu za mtu mmoja na chombo. Ila daftari la pale mezani lina njia nyingine ambayo haihitaji hesabu hata kidogo: chukua makisio ya watu wote, hata ya yule mtoto aliyeandika milioni moja, uyapange kutoka dogo hadi kubwa, uchague la katikati. Mara nyingi ajabu, litakuwa karibu na ukweli kuliko makisio ya karibu kila mtu mmoja mmoja. Mwaka 1987 Mmarekani Jack Treynor, mtu wa mambo ya hisa, alichapisha jaribio alilofanya darasani: mtungi wenye peremende 850, wanafunzi 56 wakakisia. Wastani wao ulikuwa 871. Ni mwanafunzi mmoja tu aliyewashinda wenzake wote wakijumlishwa pamoja.

Hili lilionwa mapema zaidi, na hapo ndipo mzee wangu anaingia.

Mwishoni mwa 1906, kulikuwa na maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Ng'ombe mnono aliwekwa mbele ya watu. Ukilipa senti sita za Kiingereza ulipewa tiketi, ukaandika jina, anwani, na makisio yako ya uzito wa ng'ombe huyo akishachinjwa na kusafishwa. Waliokaribia walipata zawadi. Walinunua watu kama 800. Baadhi walikuwa wachinjaji na wafugaji waliojua wanachokitazama. Wengine walikuwa wapita njia wenye senti sita na matumaini, kama mimi na wewe.

Francis Galton, aliyekuwa na miaka 84, akaazima tiketi hizo. Alitupa 13 zilizokuwa na kasoro au zisizosomeka, akabaki na 787, akazipanga. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Ng'ombe, alipochinjwa, alikuwa ratili 1,198, ambazo ni kama kilo 543. Tofauti ni ratili 9 kwenye ng'ombe mzima, chini ya asilimia moja. Nusu ya watu wote walikuwa kati ya 1,162 na 1,236. Baadaye, mtu mmoja alipomwandikia akiuliza wastani wa kawaida, ule wa kujumlisha na kugawanya, Galton akatoa jibu: 1,197. Ratili moja.

Alichapisha matokeo katika jarida la Nature, Machi 1907, na kichwa alichokipa kilikuwa maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti ya umma. Alisema wazi kwamba mtu wa kawaida pale Plymouth alikuwa na uwezo wa kupima ng'ombe kama vile mpiga kura wa kawaida anavyoweza kupima hoja za siasa. Na akakiri, kwa ulimi mzito, kwamba matokeo yanaipa heshima hukumu ya umma kuliko ilivyotarajiwa.

Neno la kusoma mara mbili hapo ni "ilivyotarajiwa". Kwa nini hakutarajia?

Nilisoma takwimu chuoni kwa miaka miwili kabla karo haijaamua mambo yangu, na jina la Galton lilipita ubaoni mara nyingi, limeambatishwa kwenye fomula kama jina la mtaa. Hakuna siku lilipita na mwili wake. Nimelazimika kumtafuta mwenyewe, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Galton alikuwa tajiri kwa kuzaliwa na binamu wa Charles Darwin. Kati ya 1850 na 1852 alizunguka Namibia ya leo. Huko alimwona mwanamke Mnama ambaye umbo lake lilimvutia, na kwa kuwa hakuweza kumwomba apimwe, alisimama mbali na sekstanti, kile chombo cha mabaharia cha kupimia pembe, akachukua vipimo vyake bila ruhusa na kukamilisha kwa hesabu. Aliandika hayo kitabuni mwenyewe, kama kisa cha kuchekesha. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikampa medali ya dhahabu mwaka 1853. Si kwa kisa hicho, lakini pia kisa hicho hakikumzuilia.

Juni 1873 aliandika barua kwa gazeti la The Times. Pendekezo lake lilikuwa Uingereza iifanye kuwa sera ya taifa kuwatia moyo Wachina wahamie pwani ya mashariki ya Afrika. Hiyo ni pwani yetu. Hoja yake ilikuwa kwamba Wachina wangezaana na kuongezeka hadi wachukue nafasi ya Mwafrika, ambaye kwa maoni yake hakuwa na uwezo wa kustaarabika. Mwaka 1883 akabuni jina la imani yake yote, yujeniki: mpango wa kuwahimiza "bora" wazae na kuwazuia "duni". Mtu aliyetuonyesha kwamba watu 787 wasiochaguliwa na yeyote wanajua zaidi ya wanavyodhaniwa ndiye aliyetumia maisha yake akitafuta namna ya kuwapunguza.

Mwaka 1892 alitoa kitabu kuhusu alama za vidole, akikadiria kwa hesabu jinsi ilivyo nadra watu wawili kufanana. Kazi nzuri, hata leo. Lakini angalia ilikosafiri. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, na baada ya vita ikaanza kuitekeleza: kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe kipande chenye jina, kabila, rekodi ya mwajiri na alama za vidole, ndani ya kijisanduku cha chuma. Kilivaliwa shingoni. Watu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Mzungu hakubeba. Kama ulikuwa Mwafrika, kidole gumba chako kilijulikana na serikali miaka mingi kabla serikali haijauliza maoni yako kuhusu lolote.

Ndiyo maana nasema ile barua fupi ya Galton kuhusu ng'ombe ni ya ajabu kuliko ng'ombe wenyewe. Kabla tu ya makala ya Machi 1907, alikuwa ameandikia Nature barua nyingine kuhusu kura moja, thamani moja. Alikuwa anafikiria baraza la wazee wa mahakama wakiamua fidia, au kamati ikigawa pesa. Ukichukua wastani wa kawaida, alisema, mwehu mmoja anayetaja namba ya kichaa anavuta jibu kuelekea kwake, na kadiri anavyozidi wehu ndivyo anavyozidi kuvuta. Yule mtoto wa milioni moja kwenye daftari letu angeharibu kila kitu. Lakini ukichukua namba ya katikati, milioni yake ni kura moja tu, iko upande wa juu, basi. Haina nguvu zaidi ya kura ya mtu aliyeandika 520. Mtu asiyeamini usawa wa binadamu aliandika mojawapo ya hoja safi kabisa za usawa wa kura nilizowahi kusoma. Namchukia na nimeinakili kwenye daftari langu.

Ila kuna masharti, na hapa wanaopenda msemo wa hekima ya umati huwa wanaharakisha kupita. Watu wa Plymouth waliandika kila mtu tiketi yake. Mwaka 2011 watafiti wa Zürich, Uswisi, waliwauliza wanafunzi 144 maswali ya kukisia kuhusu nchi yao, kisha wakawaonyesha baadhi yao majibu ya wenzao na kuwaacha wabadilishe. Majibu yalisogeleana. Usahihi wa kundi haukuongezeka, lakini kila mtu alizidi kujiamini. Umeona hili kwenye foleni ya chupa: wa kwanza anasema kwa sauti "hizi haziwezi pita mia tatu," na kurasa mbili zinazofuata zimejaa 280, 310, 295. Daftari lililo wazi ni kundi moja la WhatsApp. Ningekuwa mwenye mchezo ningetumia vikaratasi na kopo.

Na kuna sharti lililo zito kuliko hilo, ambalo halihusu wanaokisia. Linamhusu mwenye chupa.

Kusini mwa Marekani, kwa miongo mingi kabla ya 1965, Mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura alikutana na karani Mzungu mwenye mamlaka ya kumpima. Mara nyingi kipimo kilikuwa kusoma na kufafanua kifungu cha katiba, na karani ndiye aliyeamua kama umefafanua. Lakini John Lewis, aliyepasuliwa kichwa na polisi kwenye daraja la Selma tarehe 7 Machi 1965 na baadaye akawa mbunge kwa zaidi ya miaka 30, alisimulia mara nyingi kwamba wengine waliulizwa mapovu mangapi yako katika kipande cha sabuni, na wengine waliwekewa mtungi wa peremende na kuambiwa wataje idadi.

Hebu kaa na hilo kidogo. Ni mchezo uleule. Ni mtungi uleule wa Treynor. Hesabu za Kepler zingekusaidia nini hapo? Hata ungejua asilimia ya mapengo, hata ungetaja 850 kamili, nani angemwaga mtungi mezani ahesabu mbele yako? Jibu lilikuwa lolote alilosema karani. Peremende hazikuwa na idadi. Wanajeshi waliotoka vitani, walimu wa shule, wazee wa kanisa, wakasimama mbele ya chombo cha kioo wakiulizwa swali la sherehe ya watoto, na mwenye kijiti akasoma alama anazozitaka. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Agosti 1965 ndiyo iliyovunja vipimo hivyo.

Sisi huku hatukuwekewa mtungi. Tulipimwa kwa vitu vingine. Mwaka 1955 Walter Coutts alitoa ripoti ya jinsi Mwafrika wa Kenya anavyoweza kuruhusiwa kumchagua mbunge wake, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanywa Machi 1957. Ulipata kura kulingana na sifa zako: elimu, mapato, mali, utumishi jeshini, umri na heshima katika jamii. Ukiwa na sifa za kutosha ulipata kura mbili. Ukiwa nazo zaidi, tatu. Usipokuwa nazo, hukupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji pia cheti cha uaminifu kwa serikali, maana vita vya Mau Mau vilikuwa havijapoa. Hivi ndivyo walivyoingia Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao, viti 8 kwa Waafrika wote wa nchi, huku Wazungu wachache wakiwa na 14.

Ukiiweka ripoti ya Coutts kando ya barua ya Galton ya 1907, kuna kioja. Kanuni ya kura tatu inasema mwenye cheti anakisia vizuri kuliko asiye na cheti, kwa hivyo tiketi yake ihesabiwe mara tatu. Tiketi 787 za Plymouth zilikuwa tayari zimeonyesha, nusu karne nyuma, kwamba umati unakaribia ukweli bila mchinjaji kupewa tiketi tatu. Ushahidi ulikuwa umechapishwa London, katika jarida lenye heshima, na mtu waliyemtukuza. Walichokibeba kutoka kwake hadi Nairobi ni alama za vidole.

Wanaotetea mfumo ule husema ilikuwa hatua tu, kwamba mtu huwezi kumrukisha kutoka sifuri. Labda. Naona tu kwamba Mzungu aliyetua Mombasa na kushindwa kulima hata viazi hakuulizwa sifa zake ni zipi. Mimi mwenyewe, kwa kipimo cha 1957, nisingejua niko wapi: shule ninayo, shahada sina, mapato yanategemea mhariri ameamkaje.

Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata kura, moja. Shosho yangu alikuwa miongoni mwao, ana miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni. Hakuwahi kuingia darasani, ingawa hadi leo akikushikia mfuko wa maharagwe anakuambia kilo bila mzani na muuza duka hambishii. Nilimuuliza siku ile walimhoji nini.

"Waliuliza jina langu na la baba yangu," akasema. "Halafu wakanipa karatasi."

"Hawakukuuliza kama unajua kusoma? Kuhesabu?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza kitu cha kitoto.

"Waniulize, kwani wao walikuwa wananiajiri?"